Jina la Kuitwa Kaburini

Bibi yangu hakuogopa kufa. Alichoogopa ni kuitwa kwa jina la uongo akishakufa.

Kwetu, maiti akishafukiwa, mwalimu huchutama upande wa kichwa cha kaburi akamsomea talkini, yaani akamkumbusha majibu atakayowapa malaika. Humwita kwa jina lake na la mama yake, si la baba. Fulani, mwana wa mwanamke fulani. Bibi aliwafundisha hayo watoto wa nusu ya mtaa wetu wa Kisugu, pale barazani kwake. Sasa alikuwa amelala chumbani, miguu imevimba, na swali limemkaba: yeye ni mwana wa mwanamke gani?

Lazima niseme alikuwa mtu wa namna gani. Sisi ni watu wa pwani, ndivyo tunavyojitapa, ingawa bahari yenyewe wengi wetu tumeiona kwenye kalenda. Wazee wetu walikuja huku bara na biashara na dini, wakakaa. Bibi aliishika dini hiyo kwa meno. Nyumbani kwake redio ilizimwa muziki ukianza, kucha za rangi zilikwanguliwa kwa wembe, na mtoto aliyecheka wakati wa adhana alilala na njaa. Wajukuu tulimwita Askari akitupa mgongo, na nadhani alijua.

Nilipokuwa mdogo alinipeleka kwenye harusi ya jamaa. Ngoma zilipokolea, akasimama akaamuru zikome, zikakoma. Ndipo mke wa mmoja wa wajomba akasema, ua mzima ukasikia, "Leo mtoto wa jikoni ndiye wa kutuzimia ngoma." Bibi alivuta buibui lake, akanishika mkono, tukaenda zetu kabla ya pilau. Mimi nililia njia nzima, na nilichokuwa nikililia ni pilau.

Hivyo ndivyo nilivyojua kuwa kulikuwa na maneno mawili juu yake. Wengine walisema ni kitinda mimba wa mke wa ndoa wa baba yake, yule aliyemlea na aliyemwita mama. Wengine walisema mke huyo alikuwa amekwisha kukoma uzazi, na mtoto alizaliwa na mwanamke kutoka Kongo aliyekuwa akipika pale nyumbani. Baba hakubishaniwa. Aliyebishaniwa ni mama, na hapakukosekana harusi wala matanga ambapo mtu aliuchokonoa ubishi huo.

Bibi mwenyewe hakuugusa mpaka siku aliyoniambia nimsogezee mto.

"Nenda Ntinda kwa dada yangu," akasema. "Nilipozaliwa yeye alikuwa msichana wa kutumwa dukani. Alikuwepo. Kamwulize."

"Bibi, na akisema ni yule wa jikoni?"

"Kamwulize."

Dada huyo ndiye pekee aliyebaki hai kati ya watoto wa yule mke wa ndoa. Aliishi kwa mwanawe, mjomba wangu mwenye maduka, nyumba ya geti na mbwa. Mjomba alinisimamisha mlangoni.

"Hiyo mambo ya zamani unatafuta ya nini?" akaniuliza. "Mama amechoka. Wewe umesoma, ssebo, lakini unakuja kuchimba kaburi ya watu."

Mimi nina hasira za karibu, nimezirithi kwa Bibi. Nilimwambia kaburi ninalolishughulikia bado halijachimbwa, na kwamba sina haja na maduka yake. Sauti zetu zilifika ndani.

"Mwache aingie," mama yake akasema.

Nilimkuta kochini, tasbihi mkononi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamweleza habari ya talkini. Aliendelea kuhesabu tasbihi mpaka nikamaliza, kisha vidole vikasimama.

"Mama yangu alituapisha tusiseme," alisema. "Lakini siwezi kumdanganya mtu aliye mlangoni mwa kaburi. Ni yule wa jikoni. Baba alikuja naye kutoka safari zake za Kongo. Alizaa, akanyonyesha, na mtoto alipoacha ziwa, wakamwondoa. Sikumwona tena."

"Alikuwa anaitwa nani, Bibi?"

Alinitazama kama niliyemwuliza kitu cha aibu.

"Hatukuwa tukimwita jina. Mama akimtaka alipiga makofi, naye anakuja."

"Na ninyi watoto?"

"Sisi pia tulipiga makofi," akasema, akaanza kulia. Mjomba akatoka nje kuwatazama mbwa wake.

Nilirudi Kisugu na ghadhabu isiyo na wa kumpiga, maana wote waliopiga makofi wameshakufa isipokuwa kikongwe mmoja anayelia. Njiani niliazimia kuyaficha yale makofi. Lakini Bibi alikuwa amewasikiliza watoto waongo maisha yake yote, na alinitoa neno baada ya neno mpaka akayapata. Aligeukia ukutani. Baadaye akasema, "Kumbe tulimtendea hivyo." Alisema tulimtendea, kana kwamba na yeye alikuwamo. Sijawahi kuumia kama nilivyoumia kwa neno lile.

Aliyekuwa akimwogesha Bibi siku hizo ni mama mmoja mkimbizi kutoka upande wa Bukavu, mlokole, ambaye Bibi alikuwa amekataa kula chochote alichopika. Sombe, yale majani ya muhogo aliyokuwa akiyanunua sokoni Kalerwe, Bibi aliyaita chakula cha wapagazi. Sasa akamwita karibu.

"Mama, kwenu wasichana huitwa majina gani?"

"Majina iko mingi, Bibi. Kila mama na yake."

"Nitajie."

Basi kila alipomwogesha alimtajia majina, ya shangazi zake, ya majirani, ya watu waliobaki kule vitani, na Bibi alisikiliza huku amefumba macho, kama mtu aliye kwenye foleni ya hospitali anayengoja kuitwa. Hakuna hata moja lililomshtua. Siku moja aliomba sombe. Alikula vijiko vichache, akasema halina chumvi.

Ijumaa moja alasiri aliniita.

"Mama aliyenilea nilimpenda," akasema, "na Mungu amrehemu. Lakini yeye ana watoto wengine wa kuitwa kwa jina lake. Yule mwingine ana mimi tu."

"Na jina lake hatulijui, Bibi."

"Asiyejulikana mama yake huitwa mwana wa Hawa. Nimewafundisha hayo, nawe ulikuwa unasinzia."

"Watu watasikia. Watajua."

"Na wasikie," alisema.

Alifariki kabla ya mwezi kuandama. Makaburini mwalimu aliyekuwa mwanafunzi wake alichutama, akainua uso, akauliza mama wa marehemu ni nani. Mjomba wa Ntinda akawahi kulitaja jina la bibi yake, yule mke wa ndoa. Nikasema hapana. Nikasema ni mwana wa Hawa. Wanaume wote wakanigeukia, maana kila mmoja alielewa nimekiri nini mbele ya watu. Nilimngojea mjomba anijibu. Aliinamisha kichwa tu.

Mwalimu akamwita hivyo, mara tatu kama ilivyo desturi, na mimi nikalia bila kujificha. Nilimlilia Bibi, na nikamlilia yule mwingine, ambaye sijui amezikwa wapi, wala kama palikuwa na mtu wa kumwita.

Talkini ilipokwisha watu wakasimama. Waliokuwa wamefukia wakaanza kukung'uta udongo mikononi, wakipiga makofi, pa, pa, na mimi nikageuka haraka kutazama nyuma yangu nimwone anayekuja.