Mkono Uliovimba Tukaushangilia

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alipokuja kukaa kwetu alikuwa mrefu kiasi kwamba akisimama mlangoni chumba kinaingia giza. Lakini mwembamba! Mikono ilining'inia tu ubavuni kama kamba isiyoanikwa nguo. Mume wangu alimtafutia kibarua kwenye ghala la unga, kupakia na kupakua magunia. Siku ya kwanza tu wenzake wakamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, wakampa jina hapohapo: Mwiko. Jioni alikuja na jina hilo nyumbani kama mtu aliyeokota kitu njiani na hajui akiweke wapi.

"Mwiko si jina baya," nikamwambia. "Bila mwiko nani angekula?"

"Shemeji, wewe unanipoza tu."

"Sasa ulitaka nikuunguze?"

Akacheka. Kicheko chake kilianzia tumboni, na binti yangu mkubwa, ambaye hata shule hajaanza, akikisikia tu alikuja mbio kuning'inia kwenye mkono wa baba yake mdogo. Siku zile mkono ulishindwa. Mtoto aligusa sakafu kwa vidole vya miguu, wakaanguka wote wawili wakicheka.

Tuna vyumba viwili. Yeye alilala sebuleni, na kabla hatujaamka godoro lake lilikuwa limeshasimamishwa nyuma ya mlango na madumu ya maji yamejaa. Hakuna aliyemtuma. Kichanga changu kikilia yeye ndiye alikuwa wa kwanza kukichukua, anakilaza kifuani, anakizungusha chumbani polepole akikisimulia habari za magunia. Ndivyo alivyo. Ukimpa nafasi ndogo anakaa kwenye nafasi ndogo, na ana hofu ya kuwa mzigo kwa mtu.

Hofu hiyo ndiyo iliyotaka kumuua.

Pale ghalani yupo kuli wa zamani, mpana, wanamwita Gunia. Siku moja wakati wa kupumzika Gunia akamwambia, "Mdogo wangu, mwisho wa mwezi kuna mtihani wa wageni. Msimamizi anasimama na filimbi. Unainua gunia juu ya kichwa, mikono imenyooka, unapanda nalo ubao mpaka juu ya rundo. Likianguka, na wewe kazi imeanguka." Wengine wote wakatikisa vichwa kwa huzuni. Mmoja akaongeza kwamba mwaka uliopita kijana mmoja aliondoka analia.

Mwiko alitusimulia hayo akiwa hajagusa chakula. Mimi nilijiuliza, kama siku zote magunia hubebwa begani, mtihani wa kunyoosha mikono ni wa nini? Lakini ghalani sijawahi kufanya kazi. Nikamsogezea sahani.

Siku ya pili yake akaenda kwa fundi wa kuchomelea. Nyuma ya karakana yake fundi ana uwanja wa vyuma vya kunyanyua: gia za malori, mabomba yenye makopo ya saruji huku na huku. Fundi mwenyewe shingo yake imeshamezwa na mabega. Nilikuwepo jioni ile kwa sababu nilipeleka mguu wa kitanda ukaunganishwe, kichanga mgongoni, nikawasikia.

"Mikono umeshaifanyia kazi leo," fundi alisema. "Sasa usiiguse mpaka Alhamisi."

"Alhamisi mbali, fundi."

"Mbali kwa nani? Huu mguu wa kitanda wa mama hapa, nikimaliza kuuchomelea akaukalia ungali wa moto, utamshika?"

"Hautamshika."

"Utamwangusha. Na msuli ni hivyohivyo. Ukifanya zoezi unachanika kidogo kidogo ndani. Ukila, ukilala, unajiziba, na ukijiziba unakuwa mnene kuliko mwanzo. Wewe unayeanza, kila msuli mara mbili kwa wiki unakutosha kabisa. Leo mikono na kifua, kesho miguu na mgongo, halafu unakaa. Ukiurudia kila siku unachana palepale palipochanika."

"Na magunia je? Nayo nabeba kila siku."

"Ndiyo maana nakwambia upumzike zaidi! Kwani wewe una mwili wa akiba nyumbani?"

Mwiko akaitikia, "Sawa, fundi." Lakini mwenye hofu huwa anasikia kwa sikio moja, na lingine linasikiliza filimbi ya msimamizi.

Nyumbani aliendelea kwa siri isiyo siri. Asubuhi nilimkuta anainua madumu juu ya kichwa mpaka yanagongana. Jioni, akitoka ghalani mgongo umejaa unga, analala kifudifudi sakafuni anajisukuma juu, chini, juu, chini, jasho linachora umbo lake kwenye saruji. Mikono, mikono, kila siku mikono. Miguu hakuikumbuka kabisa.

"Fundi alisema nini?" nilimuuliza.

"Fundi hana mtihani, shemeji."

Mume wangu naye akasema, "Mwache bwana ajenge mwili. Anajenga kwake."

Halafu siku moja asubuhi shati la kazi likakataa kuingia. Mikono ilikuwa imejaa, imenona, ngozi inang'aa. Mume wangu alipiga makofi. "Njooni mwone! Mwiko amegeuka mchi!" Jirani wa mlango wa pili akachungulia dirishani akataka kujua anakula nini. Hata mimi nilifurahi, nikapiga kigelegele kidogo cha utani. Mwiko alitabasamu kwa midomo tu. Kile kicheko cha tumboni hakikutoka.

Binti yangu, kwa kuona watu wanashangilia, akakimbia akaudaka mkono na kuning'inia.

Mwiko alipiga yowe. Sijawahi kumsikia akipiga kelele maishani. Mtoto aliachia, akaingia chini ya meza, akaanza kulia bila sauti, kile kilio kinachomtisha mama kuliko kile cha sauti.

"Hakuna kitu, mwanangu, hakuna kitu," Mwiko alikuwa anasema, uso umejaa jasho. Mume wangu alicheka, akasema misuli mipya ina maringo, akaenda kazini. Mimi nikabaki namtazama shemeji yangu. Hakuinua kikombe. Aliinamisha kichwa mpaka mezani, akanywa chai kama ndama, kwa sababu mkono haukuweza kukunjika kufika mdomoni.

"Hebu lete huo mkono."

"Aa, shemeji, niko sawa."

"Lete."

Nikabonyeza kwa kidole gumba. Nilipoinua kidole, shimo likabaki. Likakaa pale linanitazama. Shimo lile nalijua. Nilipokuwa na mimba ya huyu mdogo, nesi alinibonyeza mguu hivyohivyo, shimo likabaki, akasema, "Huu si unene, mama. Haya ni maji."

"Shemeji, huku si kujaa. Huku ni kuvimba."

"Ni mwili unakua. Kukua kunauma."

"Wanangu hawa wanakua kila siku. Umewahi kuwasikia wakilia kwa sababu hiyo?"

Akainamisha macho. "Usimwambie kaka. Mtihani ni Jumamosi. Ukipita tu, napumzika." Akalivaa shati bila kufunga vifungo, akaenda. Na mimi nikamwacha aende.

Kesho yake asubuhi bomba lilikuwa limekatika maji. Chooni hapakuwa na kitu cha kumwagia. Mwiko alitoka, nikaingia na deki, nikaona mkojo aliouacha. Ulikuwa mweusi kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Nilijiambia labda ni kutu, labda ni giza la choo, nikafungua mlango wote mwanga uingie. Ukawa mweusi zaidi.

Nilimkuta anahangaika kuvaa kiatu kwa mkono usiokunjika.

"Tangu lini?"

Alijua ninachouliza. "Tangu jana mchana."

"Vaa. Si kazini. Hospitali."

"Shemeji, mtihani..."

"Ukifa utabeba gunia gani?" Nilisema kwa ukali ambao mwenyewe sikuujua. Binti nikamwacha kwa jirani, kichanga nikakifunga mgongoni, tukaondoka. Njiani alisimama mara kwa mara, na kila aliposimama nilidhani ndiyo anaanguka. Ningemwinua na nini, mimi niliyemfikia ubavuni?

Daktari alikuwa mwanamke mdogo, kama rika langu. Alikipokea kichupa cha mkojo akitabasamu, akakiinua kwenye mwanga, tabasamu likaondoka. Akamwita mwenzake. Wakanong'onezana. Mimi nilitazama viatu vyao, maana nyuso zao sikuweza.

Mume wangu alipofika anahema, daktari akatueleza taratibu. Misuli ya mikono imefanyishwa kazi bila kupumzika mpaka imevunjika ndani, na taka zake zimeingia kwenye damu. "Figo ni kama kitambaa cha kuchujia," akasema. "Tope likizidi, kitambaa kinaziba. Na kikiziba..."

"Kikiziba?" mume wangu akauliza.

"Tunampa maji mengi ya mshipa ili kisizibe."

Wakamlaza, wakamtundikia chupa. Chini ya kitanda pakawekwa chombo, na kila alichokojoa kilimiminwa humo ili waone kipimo na rangi. Basi maisha yetu yote yakahamia kwenye kile chombo. Mume wangu, mtu asiyeweza kukaa mahali, alikaa. Alibandua karatasi ya chupa ya maji ya kunywa vipande vidogo vidogo, akavipanga gotini, akavikusanya, akavipanga tena. Mimi nilinyonyesha mwanangu nikitazama uvunguni. Nyeusi. Saa zinakwenda. Nyeusi.

"Shemeji," Mwiko akaniita kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. "Nikikosa mtihani mtanirudisha kijijini?"

Nilimfuta jasho tu.

Siku ya pili mchana akaja Gunia, bado ana unga kwenye nyusi. Alisimama miguuni pa kitanda, akaona ule mpira unaoingia mkononi, akaiona ile mikono. Akavua kofia, akaanza kuisokota kama nguo inayokamuliwa.

"Msimamizi ameuliza uko wapi. Nikasikia uko huku. Umepatwa na nini, mdogo wangu?"

"Nilikuwa najiandaa," Mwiko akasema. "Kwa ajili ya mtihani."

"Mtihani gani?"

Halafu nikaona uso wa yule mtu mpana ukisinyaa. Alikaa kwenye kitanda kitupu cha jirani bila kukaribishwa.

"Hakuna mtihani," akasema. "Haujawahi kuwepo. Kila mgeni tunamwambia hivyo. Hata mimi niliambiwa, nikakimbia na matofali mikononi mwezi mzima, siku yenyewe wote wakanicheka wee, tukanywa soda. Basi. Ni utani wa kupokeana. Gunia unabeba juu mikono imenyooka, nani anabeba hivyo duniani?"

Hakuna aliyecheka. Mume wangu alisimama, vipande vya karatasi vikaanguka, na mikono yake ikajikunja ngumi. Nikamwekea kichanga mikononi. Mtu aliyebeba mtoto hawezi kupiga. Alisimama pale na mtoto kifuani, anamtazama Gunia, na Gunia anatazama sakafu.

Mwiko alikuwa anaangalia dari. "Kwa hiyo ni begani tu?"

"Begani tu, mdogo wangu."

Machozi yakamtoka pembeni yakaingia masikioni, na mikono haikuweza kufika kuyafuta. Gunia ndiye aliyeyafuta, kwa kofia yake.

Jioni ile majibu ya damu yalikuwa mabaya kuliko ya jana. Daktari akatuambia asubuhi yasiposhuka atapelekwa hospitali kubwa yenye mashine ya kuosha damu. Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha. Nilirudi nyumbani kwa ajili ya binti, na aliponiuliza, "Mama, mimi ndiye nimemvunja baba mdogo?" nilimkumbatia sana mpaka akalalamika.

Asubuhi nilipofika wodini sikumsalimia mtu. Niliinama moja kwa moja uvunguni. Nilidhani macho yananidanganya, nikakivuta chombo kwenye mwanga wa dirisha. Rangi ya majani makavu. Mume wangu akainama pembeni yangu. Tukabaki pale chini, watu wazima wawili tumepiga magoti mbele ya mkojo, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema.

"Umepungua weusi?" Mwiko akauliza kutoka juu.

"Nyamaza unywe maji," kaka yake akamwambia.

Alirudi nyumbani mikono imenywea, myembamba kuliko alivyokuja. Wiki nyingi hakuruhusiwa kuinua hata dumu, maji nikateka mimi. Msimamizi akamrudisha kwa kazi ya kushona midomo ya magunia. Na siku alipoletwa mgeni mwingine, mmoja wao akafungua mdomo, "Mwisho wa mwezi...", Gunia akamtupia kofia usoni.

Daktari alipomruhusu, akarudi kwa fundi. Fundi alimpa bomba tupu, bila kopo hata moja. Siku ya mikono ni ya mikono, siku ya miguu ni ya miguu, na siku za kukaa anakaa kweli, fundi anamfukuza uwanjani kama kuku. Binti yangu kila asubuhi anasimama mbele yake, mikono nyuma. "Baba mdogo, leo mkono umelala au umeamka?" Ukiwa umelala anaupapasa tu. Juzi ulikuwa umeamka. Akaushika kwa woga, akaning'inia, na miguu yake ikaachana na sakafu. Mwiko akacheka, kutoka tumboni.

Mimi nilicheka nao. Lakini akitoka chooni bado namsubiri mlangoni.

"Rangi gani?"

"Maji, shemeji. Maji matupu."

Hajawahi kukasirika. Na bomba likikatika maji, naingia kuhakikisha.