Michembe Iliyotukanwa

Enzi zetu, na wenzangu mliokulia kando ya reli mtanielewa, chakula kitamu hakikusifiwa. Kilitukanwa.

Nakumbuka kijijini kwetu Kigwa, jiko letu la kuezekwa nyasi nyuma ya nyumba, chungu kimekaa upande juu ya mafiga, moshi unatutoa machozi sisi watoto tuliojibana mlangoni. Mama yangu hakuwa mtu wa kutulia na pishi moja. Akipeleka karanga Tabora mjini kwenye zile nyumba za kizamani za watu wenye asili ya pwani, hurudi na treni amefunga kitu kwenye pindo la khanga: leo bizari, safari nyingine mdalasini, safari nyingine iliki. Uyoga wa porini aliupika kwa tui, mlenda akautia ndimu, tukala huku tunatazamana. Lakini siku alipotia iliki kwenye michembe ya karanga, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, hakuna aliyeacha hata ukoko.

Mtoa hukumu alikuwa Mama Ndahani, jirani yetu, Mgogo, mke wa fundi wa reli. Mgogo na Mnyamwezi ni watani tangu babu zetu Wanyamwezi walipokuwa wakikatiza nchi ya Wagogo na mizigo kichwani kwenda pwani, kwa hiyo mdomo wake haukuwa na breki. Alikula amesimama, kidole kikisafisha bakuli, huku anafoka:

"Karanga umeziunguza na maganda yake mpaka zimekuwa mkaa! Na iliki yote hii, unamwozesha nani? Ninyi watu wa kubeba mizigo, hata kuonja mnaonja kwa kisogo!"

"Rudi kwenu ukale ubuyu," mama anamjibu, na hapohapo anamwongezea.

Basi tunajua kimekubalika. Maana Mama Ndahani akisema, "Ahsante, kizuri," akaweka bakuli chini kwa adabu, mama hakipiki tena kitu kile.

Mimi shule yangu iliishia la saba, tena kwa kusukumwa. Lakini niulizieni leo pale mjini muone nani hanijui. Malori ninayo, nyumba ya vigae ninayo, na jiko nililomjengea mke wangu, wageni huomba kupiga picha humo. Mwaka huu nimeanza kuingia jikoni mwenyewe, kwa kuwa mama ametangulia na ile michembe hakumwachia mtu. Dada zangu wanakumbuka utamu tu, upishi hawaukumbuki. Ulimi uliobaki wa kuijua ni mmoja, wa Mama Ndahani, ambaye siku hizi anakaa kwa mjukuu wake, mtaa wa Isevya, macho yamefifia. Nikaona akiondoka naye, hata nikikipata chakula cha mama sitakuwa na wa kuniambia kwamba ndicho.

Nikavaa aproni ya mke wangu. Karanga nikazimenya hata yale maganda yake membamba mekundu, nikazisaga kwenye blenda mpaka laini kama losheni. Iliki nikatia punje chache, kama alivyoelekeza binti mmoja kwenye video ya simu. Wanangu wakapiga picha kabla hata ya kuonja, wakaniwekea mioyo myekundu. "Baba, umeua!" Nikavimba kichwa. Nikafunga bakuli kwenye kitambaa, huyo Isevya.

Shikamoo, marahaba. Mama Ndahani akala kidogo kwa kijiko. "Ahsante, mwanangu. Kizuri. Mungu akubariki." Akaweka chini.

Nilirudi nimenyong'onyea, mimi ninayewanyamazisha madalali sokoni. Nikakaa jikoni nikizirudia kichwani zile kelele zake za Kigwa. Umeziunguza na maganda yake. Iliki yote hii. Nikaruka kitini. Kumbe yule mama miaka yote alikuwa akitutajia pishi zima kwa matusi, na sisi tunacheka tu!

Nikakaanga karanga na maganda yake, nikaziacha kikaangoni mpaka mke wangu akaja mbio akidhani nyumba inaungua. Nikazitwanga kwa kinu cha kuazima, maana jikoni kwangu na fahari yake yote hakuna kinu. Iliki nikamwaga bila huruma. Wanangu wakaonja, wakakunja uso: "Baba, hii si imeungua?"

Mama Ndahani aliinusa kabla sijafungua kitambaa. Akakaa wima. Nikampakulia kutoka kwenye sufuria; akatia kidole, kijiko akakisukuma pembeni.

"Nani kakwambia mkaa unaliwa?" akaanza, sauti ileile. "Na hii harusi ya nani? Ukoo mzima hamjifunzi! Mama yako alikuwa hivihivi, na wewe umerithi kisogo!"

"Rudi kwenu ukale ubuyu," nikamjibu.

Akanisogezea bakuli niongeze.

Siku hizi watoto wetu wanasifiana kutwa nzima. Mtu akichemsha yai tu, mioyo inamiminika. Siwalaumu, ndivyo tulivyowalea. Ila nyumbani kwangu hakuna sahani inayokosa sifa, na nyingi hurudi jikoni na chakula. Mjukuu wa Mama Ndahani naye ni binti mpole, anashukuru kila anachopewa. Sijui akija kukosekana bibi yake, nani atatutukana.

Wakati naaga, bibi aliniambia nisithubutu tena kumletea takataka ile. Michembe nimeshailoweka.