Kikapu cha Hopi

Mtaa mzima ulimwita Cheche, kwa sababu alichomelea vyuma miaka thelathini na mitatu, na mikono yake ilikuwa na madoadoa ya kuungua kuanzia viganjani hadi kwenye viwiko. Nusu ya mageti ya mtaa ule yalikuwa kazi yake. Alipostaafu hakujua aifanye nini siku yenye saa nyingi namna ile. Alizunguka nyumbani akikaza skrubu ambazo hazikuwa zimelegea. Mkewe, fundi cherehani ambaye hakuwa na habari ya kustaafu, alimwambia atafute shughuli kabla hajaanza kuhesabu mbao za dari.

Akaitafuta. Akaanza kupika bia.

Alijifunza pamoja na jirani yake, mwalimu wa kemia, ambaye alisoma maelekezo kwa sauti huku Cheche akikoroga. Kimea cha shayiri kinalowekwa katika maji ya moto, kinachujwa, kisha yale maji yake matamu yanachemshwa saa nzima pamoja na hopi. Hopi ni maua makavu ya kijani. Ndiyo yanayoipa bia uchungu na harufu. Yeye aliyanunua yakiwa yamesagwa na kushindiliwa kuwa vidonge vidogo, mfano wa chakula cha kuku. Kidonge kimoja kikitumbukia katika maji yanayochemka huvimba, hufumuka, na kuwa tope. Mwisho wa saa sufuria inakuwa na tope la kijani linalonata kila mahali: linaziba koki, linaziba chujio, na likimwagwa kwenye sinki linaziba bomba.

Cheche alilijua tope hilo kwa juu juu. Yeye akishahamishia bia kwenye ndoo kubwa na kuitia hamira, alisema, "Kazi imekwisha," akajifuta mikono, akatoka uani kuonja bia ya awamu iliyopita na mwalimu. Mwalimu alikuwa msifu mzuri. Kila glasi aliisifia, halafu akajikumbusha kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji, kwa hiyo akaomba nyingine ili atafute kasoro. Walicheka sana pale uani. Ndani, sufuria ilibaki kwenye jiko. Baadaye ilionekana safi, imetundikwa ukutani, na kwa miaka kumi na mmoja Cheche hakuwahi kujiuliza ilifikaje pale.

Si kwamba mkewe hakusema kabisa. Mwaka wa pili alisema, mara moja, kwamba lile tope linamchosha. Cheche akalichukulia kama mzaha. Akavuta soksi ndefu ya mkewe iliyokuwa imetoboka, akaijaza hopi, akaifunga fundo na kuitosa. Soksi ikazama, ikashika kwenye kitako cha sufuria, ikaungua na kupasuka. Mwalimu alisema ile ndiyo bia ya kwanza duniani kupikwa mguu ukiwa ndani, na wakacheka wiki nzima.

Mkewe hakucheka sana. Alikata wavu uliobaki kwenye kazi ya mapazia, akashona mfuko. Ule mfuko haukuungua, lakini ulikuwa mwembamba. Hopi zilivimba ndani zikabanana kama sufi ndani ya mto, na bia ikakosa uchungu. Tena mfuko wenyewe ulitaka kupinduliwa na kusuguliwa kila mshono, na msuguaji alikuwa yule yule. Baada ya kupika mara nne Cheche aliuweka kando na kurudia kumwaga hopi moja kwa moja. Mkewe akanyamaza.

Mwaka wa kumi na mmoja moyo wa yule mama ulichoka. Miguu ilivimba, na kutoka kitandani hadi mlangoni ikawa safari ya kupumzika njiani. Daktari alimkataza kuinama, kubeba, na kukanyaga cherehani. Binti yao wa pekee, muuguzi katika mji mwingine, alikuja akakaa wiki mbili. Alimwonyesha baba yake namna ya kupanga mito mitatu mgongoni ili mgonjwa apumue, akamwandikia saa za dawa kwenye karatasi, kisha akarudi kwa wagonjwa wake na watoto wake. Cheche akapika, akafua, akafagia. Hakulalamika. Ila mkewe, akimtazama kutoka kitandani, aliona ameanza tena kuzungukazunguka na bisibisi mkononi.

"Pika bia yako, mzee," alimwambia. "Nyumba imekosa harufu."

Akapika Jumamosi moja asubuhi. Alipomaliza akasema, "Kazi imekwisha," kwa mazoea, na hapakuwa na mtu jikoni wa kusikia. Akageuka, akaiona sufuria.

Akaimwaga kwenye sinki. Tope likashuka kidogo, likasimama. Akafungulia maji, maji yakapanda. Akaingiza kidole, akaingiza kijiko, akaingiza mpini wa mwiko. Maji yakafurika, yakashuka kabatini, yakatapakaa sakafuni hadi kwenye soli za viatu vyake. Alipiga magoti akafungua bomba chini ya sinki, na tope la kijani likamwagika mapajani. Sufuria nayo ilikuwa imeota ukoko mkavu pembeni ambao haukutoka mpaka uparuliwe kwa kucha. Saa mbili baadaye kiuno kilikuwa kimekaza na kazi ilikuwa nusu.

Akaenda mlangoni kwa mkewe, suruali ikichuruzika, akamuuliza kama ana kitu chochote cha kuzibulia.

"Nyuma ya mlango wa jikoni kuna waya," mkewe alisema. "Ncha nimeipinda. Usisukume sana, zungusha."

Waya ulikuwepo. Pa kushikia mkewe alikuwa amepazungushia kitambaa, na kitambaa kilikuwa kimechakaa pale panaposhikwa na kidole gumba. Cheche aliushika pale pale. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Alikuwa amewahi kuwaambia wengine maneno hayo mara nyingi. Alizibua sinki, akafuta sakafu, akarudi chumbani, akaketi kwenye ukingo wa kitanda na kuanza kutafuta pa kuanzia.

"Ningejua kwamba unaichukia hivi bia yangu..."

"Bia yako sikuichukia," mkewe alimkata taratibu, maana pumzi ilikuwa chache. "Nilichukia kukusikia ukicheka nje nami nimeinamia sinki."

Cheche akainuka, akaenda kumalizia kuparua sufuria.

Jumatatu Cheche alikwenda kununua wavu wa chuma kisichoshika kutu, wenye matundu madogo kuliko punje ya mtama, akaupeleka kwenye karakana aliyofanyia kazi. Wakampa kona. Alitaka kutengeneza kikapu cha kuning'inia ndani ya sufuria, hopi zikae humo humo, zichemke, halafu zitolewe zote kwa mpigo. Lakini wavu ulikuwa mwembamba na mkono wake ulikuwa umezoea mageti. Moto uliula wavu, ukaacha tundu la kupita kidole. Akajaribu mara tatu. Alirudi nyumbani na wavu uliotobolewa kama umeliwa na panya.

Mkewe aliomba auone. Aliupapasa ukingo kwa vidole viwili, kama alivyopapasa nguo za wateja.

"Hiki ni kitambaa tu," akasema. "Kitambaa cha chuma. Unakichomea nini? Kishone."

Basi ikawa mgonjwa ndiye fundi na fundi ndiye mwanafunzi. Alimwelekeza akunje ukingo mara moja, kisha akunje tena, ili ncha zilizokatwa zifichike na tope lisipate pa kujibanza. Badala ya uzi walitumia waya mwembamba, na matundu yake Cheche aliyatoboa kwa msumari. Mama alishikilia kwamba kikapu kiwe kipana karibu sawa na sufuria na kishuke mpaka karibu na kitako. "Mfuko wangu ulizibana," alisema. "Zipe nafasi zicheze." Cheche alichomelea duara la juu tu, kwa nondo nyembamba, na kulabu tatu za kukishikilia kwenye ukingo wa sufuria. Hiyo kazi aliiweza.

Iliwachukua siku kumi na nane, kwa sababu mama aliweza kukaa wima dakika chache tu kwa wakati. Katika siku hizo alimweleza kwamba ule mfuko wa wavu wa pazia alikuwa ameufumua mara mbili na kuushona upya, mshono wa ndani kwa uzi wa hariri, ili usimkwaruze Cheche akiutumbukiza. Cheche aliendelea kupitisha waya. Kisha akasema kwamba hakuuona ule uzi.

"Najua," mkewe alisema.

Siku ya kupika alimkalisha jikoni, kwenye kiti chenye mikono, mito mitatu nyuma yake. Kikapu kilining'inia vizuri, maji yakichemka ndani na nje yake. Hopi zilipoingia, harufu ikapanda, na mama akasema inafanana na majani yaliyofyekwa sasa hivi. Saa ilipotimia Cheche alikinyanyua kikapu, akakiacha kichuruzike, akatoka nacho uani, akakipindua kwenye bustani na kukipiga kofi moja. Tope lote likaanguka bonge moja, kama keki inavyotoka kwenye chombo chake. Akakisuuza kwa bomba. Alipoihamisha bia, koki haikuziba hata mara moja, na kwenye sufuria kulikuwa na mashapo kiasi cha kijiko. Akayasuuza.

Mama aliomba ainamishe sufuria ili aone ndani. Akapitisha kidole kwenye kitako, akakitazama kidole, akatazama saa ya ukutani.

"Kusafisha, dakika nne," akasema.

Hakuwa na hasira. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma kipimo kwenye utepe. Cheche aliweka sufuria chini, akapiga magoti mbele ya kiti kile, akaficha uso kwenye mapaja ya mkewe. Alilia kwa sauti. Mama alimwekea mkono kisogoni, akauacha hapo, mpaka akasema amechoka, amrudishe kitandani.

Alifariki siku ya tisa baada ya kupika, asubuhi, kati ya chai na kuoga. Bia ilikuwa bado kwenye ndoo.

Binti alikuja. Walimzika, ndugu wakakaa siku zao, wakaondoka. Binti alipokuwa akisafisha stoo aliiona ile ndoo, akamuuliza baba yake kama aimwage. Baba akasema hapana. Wakaketi jikoni wakaijaza kwenye chupa, yeye akijaza, binti akifunga vizibo. Hapo ndipo Cheche alipomweleza habari ya tope, kwamba mama yake alilisafisha miaka yote ile na yeye hakujua.

"Mimi nilijua, baba," binti alisema. Hakuinua macho. "Nikija likizo nilikuwa namsaidia. Nilimwambia akwambie tena. Akasema ukiambiwa ukaelewa, utaacha kupika, na usipopika utakaa unatazama ukuta. Akasema bora tope."

Cheche alikuwa ameshika chupa, na bia ilipanda ikafurika mkononi mwake kabla hajafunga koki. Binti alimpa kitambaa. Akajifuta, akachukua chupa nyingine.

Zilitoka chupa thelathini na nane. Zilipoiva alizigawa zote kwa wale waliobeba jeneza na kwa wanawake waliokuwa wateja wa mkewe, na mbili akampelekea mwalimu. Yeye hakuionja. Mwalimu alikuja kesho yake, akasimama getini bila kuingia, akasema ilikuwa nzuri, chungu inavyotakiwa, hawajawahi kupika nyingine kama ile. Cheche alimshukuru, akasema amefurahi kusikia, akafunga geti.