Mstari Uliokosekana kwenye Jedwali la Mulumba

Godelieve aliamka na hasira Jumapili hiyo, na alikuwa na haki. Miaka kumi na tisa amepiga picha za parokia yao pale Dilala: harusi, ubatizo, komunyo, matanga. Kila mtu anajua sauti yake ikivuma katikati ya misa, "Simu chini! Mpiga picha yuko!" na hata mashemasi hurudisha simu mfukoni. Leo parokia inanunua kamera, na anayeulizwa ni nani? Mulumba, mwenyekiti wa kamati. Mulumba ambaye kwenye picha anazopiga kwa simu yake watu wote hawana vichwa!

Mulumba ni karani wa manunuzi kwenye kampuni ndogo inayohudumia machimbo. Kazi yake ni kulinganisha mabuti na mabuti, kofia na kofia. Anachora jedwali, anaweka tiki kwa kile kinachozidi, kisha anahesabu tiki. Ukimwachia nafasi, hata padri atamchagua kwa tiki hizohizo.

Baada ya misa kamati ilikutana kwenye chumba cha katekisimu, watu sita wazima wamebanana kwenye mabenchi ya watoto. Mezani zilikaa kamera mbili zilizokwisha kutumika, alizozileta mfanyabiashara wa Lubumbashi, bei ileile. Moja ndogo, ya juzijuzi. Nyingine kubwa, nyeusi, nzito kama pasi ya mkaa. Mulumba alimpa kila mtu karatasi yake. Ile ndogo ilikuwa na megapikseli ishirini na nne, kubwa ishirini. Ndogo ilikuwa nyepesi, yenye kioo kinachogeuka, yenye kutuma picha kwenye simu, na ilikuwa mpya zaidi. Kubwa ilishinda kwenye betri na kwenye wingi wa picha kwa sekunde, basi.

"Tano kwa mbili," alisema Mulumba, akifunga kalamu. "Ile ndogo njo inashinda. Tuende kula."

"Ngoja, Tata Président," Godelieve alisema. "Ile megapikseli nne ya kuzidi utaifanya nini? Picha tunazotoa ni za kiganja."

"Yenye kuzidi inazidi tu, mama."

"Na vumbi? Ile kubwa iko na mipira kila pahali inafungukia. Vumbi haiingie. Unajua malori yenye kupita mu hii barabara, ao unalalaka Ulaya?"

"Tutafunika ile ndogo na kitambaa."

Watu walicheka. Damu ilimpanda Godelieve kichwani. Alisoma tena ile karatasi, mstari kwa mstari, kwa kidole, na alipofika chini hasira yake ikapata pa kushika.

"Umesahau mustari moja," alisema. "Kadi ya kuweka mapicha. Ndogo iko na nafasi ya kadi moja. Kubwa iko na mbili, na kila picha inaandika mara mbili, huku na huku. Kadi moja ikikufa, ingine inabakia."

Mulumba alitabasamu kama mtu anayemtuliza mtoto. "Mama Gode, ile aparei yetu ya picha ya zamani iko na kadi moja. Siku hata moja haijatukosea. Ao imetukosea?"

Wote wakamgeukia Godelieve. Dirishani alikuwa ameketi Mama Jeanne, mjumbe wa akina mama, naye pia alimtazama, kwa upole, akingojea jibu.

Mwezi wa tatu mwaka huu, Sadrack, mwanawe Jeanne, alifunikwa na udongo kwenye shimo alipokuwa akichimba, akafa. Simu ilikuwa mfukoni mwake, ikaharibika pamoja na picha zake zote, na nyumbani hapakuwa na hata moja. Siku ya matanga jeneza lilifunguliwa, jamaa wakajipanga nyuma yake kama tunavyofanya, na Godelieve akapiga picha arobaini. Mchana huohuo walizika. Alipofika nyumbani, kadi haikufunguka. Tshibangu, fundi wa simu, aliihangaikia wiki nzima bila kupata kitu. Jeanne alipokuja kuuliza, Godelieve aliona haya. Akamwambia picha iko labo, inasafishwa, Lubumbashi. Alipokuja tena, akaambiwa mashine ya labo imeharibika. Miezi minane sasa. Jeanne alikwisha kununua fremu, akaitundika ukutani, tupu.

Godelieve angeweza kunyamaza. Alimchukia Mulumba, akazichukia tiki zake, lakini zaidi ya yote alijichukia mwenyewe. Kesho mama mwingine atatundika fremu tupu.

"Imetukosea," alisema. "Ku matanga ya Sadrack. Kadi ilikufa, mapicha yote ikapotea. Mama Jeanne, hakuna labo. Hakuna kitu Lubumbashi. Nilikudanganya."

Mulumba alichukua kalamu, akachora mstari mmoja zaidi chini ya jedwali, akaandika "kadi", akaweka tiki upande wa ile kubwa. Hakuhesabu tena. "Tukamate ile kubwa," alisema kwa sauti ndogo, na hakuna aliyepinga. Godelieve alikuwa amepata alichokitaka, na hakuweza hata kukitazama.

Jeanne alisimama. Hakulia. Alikuja mpaka mezani, akaigusa ile kamera nyeusi kwa kidole kimoja.

"Mbili," alisema. "Kusudi moja ikikufa, ingine ibakie."

"Ndiyo, mama."

"Ile siku, tukiwa tumejipanga, Tata Henri alikuwa na simu mu mukono. Alitaka kupiga picha ya Sadrack, mutoto wa ndugu yake. Ulimwambia nini?"

Godelieve alikumbuka yote. Henri akiwa amesimama miguuni mwa jeneza, simu imeinuliwa. Naye Godelieve amekuja juu mbele ya wafiwa, kwa sababu yule mzee alikuwa anamharibia picha.

"Ulimwambia nini, Gode?" Sasa Jeanne alikuwa anapiga kelele, na mwenyekiti na karatasi zake walirudi nyuma. "Sema, watu basikie!"

"Simu chini," alisema Godelieve. "Mpiga picha yuko."