Mzee wangu aligawana vidonge vya kansa ya damu na jirani

Wakuu, za majukumu. Hili ni la nyumbani kwetu kabisa, sijaongeza chumvi.

Mzee wangu analima mboga Mgeta. Ana kansa ya damu, ile ya muda mrefu ambayo mtu anaishi nayo ilimradi ameze kidonge kila siku.

Vidonge anapewa bure. Hapo ndipo ndugu wengi wanadhani kazi imeisha.

Kila kliniki anashuka na lori la kabichi mpaka Moro mjini, anapanda basi la Dar, analala guest, vipimo analipia. Mimi nina kiduka Kilakala, hapohapo Moro, ndiye ninayegharamia. Kuna miezi rafu zinabaki tupu.

Sasa safari moja nikamsindikiza. Daktari akasoma majibu. Chembe nyeupe za damu zimepanda tena.

"Mzee, dawa unameza?"

"Nameza, daktari."

"Kila siku?"

Mzee akaiangalia kofia yake. "Siku moja mimi, siku moja Mama Fausta."



Mama Fausta ni jirani, wako naye jumuiya moja kanisani. Anaumwa ugonjwa uleule. Aliacha kliniki kwa kukosa nauli, na usipofika kupimwa, dawa hupewi. Basi mzee akawa anampelekea kidonge, kama anavyopeleka bakuli la njegere zikiiva kwake.

Nikamwambia, "Baba, utakufa."

"Mwanangu, nimeze peke yangu na mwenzangu ananiangalia?"

Hivyo ndivyo alivyotulea.

Daktari akamweleza taratibu kwamba nusu dozi haimtibu yeyote, inauzoesha tu ugonjwa dawa. Mzee alishtuka. Alijua anaokoa watu wawili.

Akakubali kuacha kugawa, ila kliniki inayofuata waende wote. Mfuko wangu usingetosha. Jumuiya ikachanga, mwenye lori akakataa kupokea nauli ya Mama Fausta. Tangu hapo wanakwenda pamoja.

Nilichojifunza: dawa kuwa bure si matibabu kuwa bure. Ukiwa na mgonjwa, muulize nauli ya kliniki ipo, na muulize kama dawa anameza yeye.

Damu ya Mama Fausta imeanza kutulia. Mzee kafurahi utadhani ni majibu yake.

Ya kwake bado yako juu. Daktari kasema tusubiri kliniki moja tena, ndipo ijulikane kama dawa imegoma.

Mwenye mgonjwa aliyepitia hapa, dawa ikagoma halafu ikakubali, naomba aniambie. Mzee hana wasiwasi wowote. Mimi ndiye sipati usingizi.