Sukari Aliyoitubia Bibi

Jambo la kijinga nililolifanya kwanza, kabla ya mengine yote, ni kumsamehe mdogo wangu dhambi zake.

Alikuwa darasa la pili, mimi la saba. Alinifuata nyuma ya banda la ng'ombe akilia bila sauti, kidole chake kimoja amekificha ndani ya ngumi ya mkono wa pili kama kimevunjika.

"Kaka, nimelamba sukari."

"Ya kwenye kasha la Bibi?"

Akaitikia kwa kichwa. Meno yalikuwa yanagongana, na haikuwa baridi.

Siku zile sukari haikuwa kitu cha kulamba. Ikifika kwenye duka la ushirika, balozi wa nyumba kumi alipita kutangaza, akina mama wakapanga foleni ukungu ukiwa bado umelala barabarani, na mwenye bahati akarudi na nusu kilo. Ya kwetu ilikuwa ya uji wa kitinda mimba, aliyekuwa ameachishwa ziwa na akawa anakataa kila kijiko kisicho na utamu. Mama aliitia kwenye kopo, akalikabidhi kwa Bibi, mama yake Baba, aliweke ndani ya kasha chini ya kitanda chake. Hakuna mahali salama kuliko hapo, maana Bibi haendi popote. Magoti yalikuwa yamemwishia, kutwa anakaa kwenye kigoda mlangoni akiota jua, likiwapo.

Sasa mimi mwaka ule nilikuwa kwenye mafundisho ya kipaimara. Katekisimu ilikuwa hainiingii, lakini sauti ya mchungaji ilikuwa imeniingia yote, mpaka kile kikohozi chake kidogo kabla ya "kwa jina la Baba". Wenzangu walikuwa wananiomba niiseme tukipanda kilima kutoka Soni, wanacheka mpaka wanaangusha mizigo. Kwa hiyo nilipomwona yule mtoto anatetemeka, sikumwonea huruma. Niliona nafasi.

Nikaingia ndani, nikavaa koti jeusi la mvua la Baba. Baba mwenyewe alikuwa Kwamkoro kwenye kazi ya mashamba ya chai, koti lilibaki kwenye msumari. Lilinifika kwenye vifundo vya miguu, kanzu kabisa. Nikamwambia apige magoti kwenye majani ya ng'ombe. Nikakohoa. Nikamwekea mkono kichwani, nikamsamehe dhambi zake zote kwa maneno yale yale ya kanisani, bila kuruka hata moja.

"Na kuni zangu za leo utabeba wewe," nikamalizia.

Hilo la kuni ni langu. Walutheri hatuna. Nililisikia kwa mwenzangu Mkatoliki kwamba kwao ukishasamehewa unapewa kitu cha kufanya, nikaona ni utaratibu mzuri.

Mdogo wangu aliinuka anacheka, machozi bado yako shavuni. Alibeba kuni zangu anaimba. Nasema kweli, nilijiona nimefanya jambo jema.

Alirudi baada ya siku mbili. Safari hii alilia kidogo. Mara ya tatu hakulia, alisema tu, kama mtu anayetumwa chumvi. Mara ya nne nilikuwa sijavaa hata koti, akaniambia, "Kaka, nisamehe ya leo na ya kesho, maana kesho utakuwa kanisani." Nikaona ni kichekesho kikubwa kuliko vyangu vyote. Nikamsamehe ya kesho. Kuni za siku mbili.

Na mimi? Mimi nilianza kula katikati hapo. Mara ya kwanza, nilipoinua kifuniko cha kasha, Bibi akiwa mlangoni na mgongo wake umenielekea, moyo ulinipiga mpaka nikadhani atausikia. Nilikula kijiko kimoja, hakikushuka vizuri. Mara ya pili moyo ulipiga tu nilipogusa kopo. Baada ya hapo nilikuwa naingia nikipiga mluzi, nachota, natoka, najisamehe mwenyewe njiani.

Jumamosi moja mchungaji alitufundisha habari ya dhamiri iliyochomwa moto. Alisema mtume hakuizungumzia dhamiri inayouma, hiyo ni nzima. Aliizungumzia ile isiyouma tena. Akatuambia tuwaangalie mama zetu wanavyopanga makaa kwa vidole vitupu, ngozi imekwishakufa, haijui kwamba ni moto. Nikanyoosha mkono.

"Mchungaji, sasa si ni faida? Haungui!"

Darasa zima likacheka. Yeye hakucheka wala hakukasirika. Alisema, "Anaungua. Ila hana wa kumwambia." Kisha akafungua ukurasa mwingine.

Nilirudi nyumbani nikiigiza sentensi hiyo kwa sauti yake. Ilinitoka vizuri sana.

Kopo lilipobaki nusu, Mama alilitikisa mbele yetu sote jikoni.

"Nani anakula sukari ya mtoto?"

Mdogo wangu alimtazama usoni, macho meupe. "Sijui, Mama." Hata mimi nilishangaa alivyoisema. Mtu angemwapia.

Mama akanigeukia. Nami, kama kawaida yangu, nikaona nichekeshe ili yaishe. Bibi alikuwa ameanza kusahau: alikuwa anaweza kukusalimu asubuhi mara tatu, "Onga makeo, mjukuu wangu," na ukimwitikia ya tatu anafurahi kama ya kwanza. Nikasema:

"Labda Bibi anakunywa chai ya pili akisahau ya kwanza."

Tulicheka wote. Mama alicheka huku anajizuia. Bibi mwenyewe alicheka, akajifunika mdomo kwa upindo wa kanga. Halafu nikamwona anashusha mkono polepole, anatazama chini, kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha.

Tangu siku hiyo akaanza kuniuliza. Nikitoka shule, kabla sijamaliza shikamoo yangu: "Njoo hapa. Jana nilifungua kasha?"

Ningeweza kusema hapana. Ni neno fupi. Lakini jibu la ndiyo lilikuwa linatulinda, basi nikawa namwambia, "Ulifungua, Bibi, si unakumbuka?" "Nikachota?" "Kidogo tu, Bibi." Na mimi huyo, naenda kucheza mpira. Haikuniuma mahali popote. Nimejaribu kukumbuka kama iliniuma, ningependa iwe iliniuma, lakini haikuuma.

Likafika juma la kujiandikisha kwa Meza ya Bwana. Kwetu mzee wa kanisa hupita nyumba kwa nyumba na daftari, anaandika majina ya watakaoshiriki, na mwenye jambo analisema hapo. Alipofika kwetu alikuwa amekwishaandika jina la Bibi kabla hajaketi, maana huyo mama hajakosa meza tangu Wajerumani.

"Lifute," Bibi akasema.

"Kuna nini, Mama?"

"Mimi ni mwizi. Nimemwibia mtoto mdogo sukari. Na nilipoulizwa, nilicheka."

Mzee wa kanisa akatabasamu. "Sukari ya nyumbani kwako mwenyewe, Mama? Hilo nalo la daftari?"

"Nilikabidhiwa," Bibi akasema. "Nitasimama mbele ya usharika, kama wengine wanavyosimama. Sitaki kufa nikiwa nimeila meza hivi."

Kwetu mtu aliyetengwa hurudi kundini kwa kusimama mbele, watu wote wakimwona, akitaja alichokifanya. Wanasimama walevi, na wasichana waliozaa kabla ya kuolewa. Bibi kizee hajapata kusimama kwa sukari. Mama alimshika mkono: "Mama, hayo yamekwisha, hakuna anayekudai." Lakini Bibi aliutoa mkono wake. Mama akatugeukia sisi. Alitutazama mmoja baada ya mwingine. Mdogo wangu alikuwa anachagua mawe kwenye maharage. Vidole vyake havikusimama hata mara moja. Na mimi nilikuwa nawaza jinsi Bibi alivyosema "lifute", ile sauti ya puani, kwamba nikiifanyia mazoezi wenzangu wataanguka.

Jumapili tulimpandisha kanisani mimi na Mama, kwapa huku na huku, tunapumzika kila kona. Alikuwa amevaa sweta lake la sikukuu. Ukungu ulikuwa mzito mpaka kengele ikasikika kabla hatujaliona kanisa.

Alisimama mbele pamoja na mwanamume mmoja wa pombe. Yule alisema lake kwa kunong'ona. Bibi alisema kwa sauti, kwanza kwa Kishambaa, halafu akaona wapo wageni wa kutoka kwenye mashamba ya chai, akarudia kwa Kiswahili ili kila mtu asikie: "Nimekula sukari ya mtoto anayeachishwa ziwa. Nimekula mara nyingi. Hata siikumbuki ilivyokuwa tamu." Hakuna aliyecheka. Mama mmoja nyuma yangu alianza kulia.

Nikangoja moyo wangu. Nilijua ndio wakati wake. Niliweka mkono ndani ya shati, hapa upande wa kushoto. Ulikuwa unakwenda taratibu, kama wa mtu aliyelala. Nikaubonyeza. Nikajiambia maneno: ni wewe, si yeye, inuka sasa hivi. Niliyasikia vizuri kabisa, kama tangazo la kijiji kingine. Wala miguu haikutikisika.

Mchungaji akamwekea Bibi mkono kichwani. Akakohoa. Akaanza yale maneno. Ndipo nilipomtazama mdogo wangu, aliyeketi ubavuni kwangu, nikaona midomo yake inakwenda. Alikuwa anayasema pamoja na mchungaji, bila sauti, neno kwa neno, hata kikohozi alikuwa amekitoa. Alipomaliza akaniegemea sikioni.

"Kaka, sasa kuni za Bibi atabeba nani?"

Hakuwa anatania. Alitaka kujua.

Hapo ndipo niliposikia kitu, na haukuwa moyo. Ilikuwa kama kuweka mguu gizani ukitegemea ngazi, na ngazi haipo.

Ningesema yaliishia hapo, lakini Jumatatu asubuhi Bibi alikuwa amekaa mlangoni na sweta lake la sikukuu.

"Nipelekeni nikatubu," akasema.

Mama akamwambia, "Mama, umesamehewa jana."

"Na nani?"

Alikuwa amesahau. Kanisa, mchungaji, mkono kichwani, vyote vimekwenda. Sukari ndiyo iliyobaki. Jumanne, sweta. Jumatano, sweta. Mama akamweleza kila siku, na kila siku Bibi akamsikiliza kwa adabu, kama mtu anayeelezwa habari njema za jirani.

Alhamisi sikwenda shule. Nilichuchumaa mbele ya kigoda chake nikamwambia, bila sauti ya mtu yeyote, yangu tu, ambayo kumbe nilikuwa nimeisahau ilivyo nyembamba: "Bibi, sukari niliila mimi. Mimi na mdogo wangu. Wewe hujawahi kufungua kasha. Nilikudanganya."

Akanishika masikio yote mawili kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mdogo. "Wewe?" "Mimi, Bibi." Akavua sweta, akalikunja magotini, akakaa juani kutwa nzima bila kuuliza kitu. Nilikwenda kulala mwepesi.

Ijumaa asubuhi alikuwa amelivaa. "Nipelekeni nikatubu."

Nikamfuata Mama shambani. Alikuwa anapalilia maharage kwenye mteremko wa juu. Nikasimama mstari wa chini yake, nikamwambia yote tangu banda la ng'ombe: koti, kuni, kijiko, kila ndiyo niliyomjibu Bibi, na mdogo wangu kanisani. Nikamwambia nimekwishaungama kwa Bibi na haikusaidia kitu. Nilingoja jembe linirukie. Mama alipalilia mpaka mwisho wa mstari, akarudi, akasimama mbele yangu akipumua.

"Utamwambia kila siku," akasema. "Akiamka tu, kabla hajalivaa sweta, na huyo mdogo wako awe amesimama hapo anasikia. Na siku utakayomwambia Bibi yako bila kuona aibu, uache hapo hapo, uje kuniita."