Nati Tatu za Baba Mkwe

Mara ya nne kuitwa kwenye trekta lile lile, nilifungua kisanduku cha spana kwa hasira mpaka mfuniko ukang'oka. Halafu spana namba kumi na saba nimeitafuta mwezi mzima, natumia ya kuazima! Na mume wangu alishatoa kauli: klachi ya trekta la baba yake ikiteleza tena, linauzwa chuma chakavu.

Trekta lenyewe limemzidi umri mume wangu. Halina klachi ya mguu, lina liva ya chuma kando ya usukani. Ukiisukuma mbele, klachi inashika kwa mlio, "tak!", unaondoka. Kushika huko kunategemea nati tatu tu: zikikazwa klachi haitelezi, ila liva huwa nzito kidogo. Mara ya mwisho nilizikaza zote sawasawa, nikazifunga kwa pini. Sasa zimelegea zote tatu, kwa kipimo kimoja, na pini zimerudishwa vizuri mahali pake.

"Baba, nani anagusa klachi hii?"

Baba mkwe akaruka kimanga. "Labda panya."

"Panya mwenye spana?"

"Panya wa siku hizi, mwanangu, usiwadharau."

Nilizikaza upya, nikamwomba apande ajaribu. Akaanza kuvuta muda: akafuta kiti, akauliza habari za dizeli, akakohoa. Mwisho akashika liva. Ikafika nusu, ikagoma. Akaongeza mkono wa pili, akaegemeza na kifua, bega likamtetemeka.

"Umekaza mno!" alifoka.

Nilipanda nikaisukuma mwenyewe kwa mkono mmoja. Tak. Akatazama pembeni.

Niliona aibu kwa ajili yake, kisha hasira zikanirudia palepale. Si angesema tu! Mwezi mzima ananifanya fundi mbabaishaji, kumbe bega limemchoka na hataki tujue. Nilikata kipande cha bomba, nikakivika kwenye liva na kukichomelea, ikawa ndefu karibu mara mbili.

Jioni mume wangu alikuja kukagua. Baba yake alisukuma liva kwa mkono mmoja, tak, trekta likaondoka.

"Kumbe tatizo lilikuwa nini?"

"Liva ilikuwa fupi," nikasema.

"Nilimwambia huyu tangu mwanzo," baba mkwe alipaza sauti kutoka juu ya kiti. "Hasikii!"

Asubuhi nilipochungulia kisanduku, nilikuta spana namba kumi na saba mahali pake, imefutwa ikang'aa.